Metro-land: Reli Iliyouza Mashamba

Mwaka 1930 abiria waliotumia kituo cha treni cha Rayners Lane, kaskazini-magharibi mwa London, walikuwa 22,000 tu kwa mwaka mzima. Kituo chenyewe kilikaa peke yake katikati ya mashamba, na wafanyakazi wa reli walikipachika jina la Kituo cha Nimonia kwa jinsi upepo ulivyokipiga. Mwaka 1937 kituo hichohicho kilihudumia abiria milioni 4. Katika miaka hiyo 7 haikugunduliwa dhahabu pale wala mafuta. Mashamba yalikatwa viwanja, viwanja vikajengwa nyumba, na nyumba zikanunuliwa na watu waliotaka kuishi karibu na mashamba.

Kisa hicho kinachekesha kidogo, lakini ndicho kilichozaa ile sura ya Uingereza ambayo wageni wengi hudhani ni ya tangu enzi na enzi: nyumba ya matofali na vigae vyekundu, ua wa miti iliyopunguzwa sawasawa, bustani nyuma, malisho ya ng'ombe mwisho wa mtaa, na London ikiwa safari fupi ya treni. Sura hiyo ina umri wa miaka 100 na ushei. Iliundwa kwa makusudi na kampuni ya reli iliyokuwa inatafuta abiria.

Kampuni hiyo ni Metropolitan Railway. Tarehe 10 Januari 1863 ilifungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, kutoka Paddington hadi Farringdon, treni zikivutwa na injini za mvuke ndani ya mahandaki na abiria wakikohoa moshi njia nzima. Ingeweza kubaki reli ya mjini. Lakini mwaka 1872 ilipata mwenyekiti aliyeitwa Edward Watkin, na Watkin hakuwa mtu wa kuridhika na safari ya maili chache. Ndoto yake ilikuwa treni itakayotoka Manchester, ipite London, izame chini ya bahari na kuibukia Ufaransa. Handaki la baharini lilianza kuchimbwa wakati wake, serikali ikalisimamisha kwa hofu ya kuvamiwa. Alijaribu pia kujenga Wembley mnara wa kuuzidi ule wa Eiffel. Ulifika ghorofa ya kwanza, ukakwama, na mwaka 1907 masalia yake yakalipuliwa kwa baruti. Uwanja wa mpira wa Wembley ulikuja kujengwa palepale.

Kilichofanikiwa katika mipango yake ni kile kilichoonekana kidogo kuliko vyote. Reli ilisogea shamba hatua kwa hatua: Harrow mwaka 1880, Pinner 1885, Rickmansworth 1887, Chesham 1889, Amersham na Aylesbury 1892. Huko mwisho ni vilima vya Chiltern, mkoa wa Buckinghamshire, nchi ya misitu ya mifuni (beech), vijiji vya matofali na mawe, na mafundi wa viti. Amersham yenyewe ulikuwa mji mdogo wa soko bondeni, wenye nyumba ya soko iliyojengwa mwaka 1682 na mikahawa iliyozoea kupokea magari ya farasi. Kituo cha treni hakikuwekwa mjini, kiliwekwa juu kilimani, ambako hapakuwa na kitu. Kwa hiyo kuna Amersham mbili hadi leo: ya kale bondeni, na ya treni juu.

Shida ya reli hiyo ilikuwa hesabu. Ng'ombe hawanunui tikiti. Maili nyingi za njia zilipita mahali ambapo watu walikuwa wachache mno kuweza kulipa gharama yake. Hapo ndipo sheria ilipoipa Metropolitan bahati ambayo kampuni nyingine hazikuwa nayo. Reli zote za Uingereza zilipewa na Bunge uwezo wa kununua ardhi kwa lazima, ila ardhi ikibaki baada ya njia kujengwa, kampuni ilitakiwa kuiuza. Metropolitan ilijipatia vifungu katika sheria zake yenyewe vilivyoiruhusu kubaki na ardhi ya ziada na kuitumia. Mwaka 1887 iliunda kamati ya kusimamia ardhi hiyo, na nyumba za kwanza zikajengwa, zikiwemo za Cecil Park pale Pinner.

Mtu aliyeigeuza bahati hiyo kuwa biashara kamili aliitwa Robert Selbie, meneja mkuu wa kampuni kuanzia 1908 hadi alipofariki mwaka 1930. Watkin alitaka kufika Paris. Selbie alitaka makarani. Alielewa jambo moja kwa undani kuliko washindani wake: anayehamia kandokando ya reli hununua tikiti ya msimu, na huinunua mwaka hadi mwaka, mvua au jua. Faida ya kuuza kiwanja hupatikana mara moja, ila mnunuzi wake huwa mteja wa maisha.

Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, idara ya matangazo ya kampuni ilibuni jina: Metro-land. Kila mwaka kuanzia hapo hadi 1932 kilitoka kijitabu chenye jina hilo, chenye picha za rangi za nyumba ndogo zenye maua ukutani, vijia vya msituni, na orodha ya nyumba zinazouzwa. Soma kijitabu hicho leo na utaona kilivyoandikwa kwa ujanja. Ukurasa mmoja unamwonyesha msomaji mahali pa kutembea Jumapili na kunywa chai. Kurasa chache mbele anaambiwa kwamba anaweza kulala hukohuko. Aliyepanda treni kwa matembezi alishuka akiwa mnunuzi mtarajiwa.

Mwaka 1919 ikaundwa kampuni dada, Metropolitan Railway Country Estates, kwa kazi moja tu ya kununua ardhi kandokando ya njia, kuipima na kuiuza. Iliuza Neasden, Wembley Park, Pinner, Rayners Lane, Ruislip, Hillingdon, na mbele zaidi Rickmansworth, Chorleywood na Amersham. Wakati mwingine ilijenga yenyewe. Mara nyingi iliuza viwanja kwa wajenzi au kwa mwananchi aliyekuwa na fundi wake. Ardhi haikuwa ngumu kupatikana. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa imeangusha kilimo cha Uingereza, kodi ya mirathi ya mwaka 1894 ikawaelemea wenye mashamba makubwa, na vita vikaua warithi wengi. Baada ya 1918 familia zilizomiliki nchi kwa vizazi zilikuwa zinauza. Mwaka 1930 ilinunuliwa ardhi ya mtaa wa Weller, karibu kabisa na kituo cha Amersham. Jina ni la ukoo uliokuwa na kiwanda cha bia mjini humo.

Mitaa hiyo haikuwa na tabaka moja. Kadiri treni ilivyosogea mbali na London, ndivyo kiwanja kilivyopanuka na bei ilivyopanda. Wembley na Rayners Lane zilikuwa za makarani, walimu na wauza duka. Chorleywood ilikuwa ya mawakili na matajiri wa kazi ya benki, na kwa ajili ya watu wa aina hiyo kampuni iliweka tangu 1910 mabehewa mawili ya kifahari, Mayflower na Galatea, ambamo bwana aliweza kupata kifungua kinywa akienda kazini na kinywaji akirudi. Hati za viwanja ziliilinda tofauti hiyo. Mahakama ilikuwa imeamua tangu mwaka 1848 kwamba sharti lililowekwa kwenye ardhi linaweza kumfunga hata mnunuzi wa baadaye anayelijua, na wauzaji wa viwanja walilitumia vizuri: nyumba isipungue thamani fulani, pasifunguliwe duka, pasiwe na kilabu cha pombe. Usafi wa mandhari ulikuwa pia uchujaji wa watu.

Lakini karani angepataje nyumba? Kabla ya vita vya 1914, takribani familia 9 kati ya 10 za Uingereza ziliishi katika nyumba za kupanga. Jibu lilitoka kwenye taasisi ya zamani isiyokuwa na mbwembwe, vyama vya ujenzi wa nyumba. Kinachotajwa kuwa cha kwanza kilianzishwa Birmingham mwaka 1775, katika kilabu cha pombe, na kiliendeshwa kwa namna ambayo yeyote aliyewahi kucheza upatu angeielewa bila mwalimu: wanachama walichanga kila mwezi, fedha zikamjengea mmoja, kisha mwingine, na wa mwisho alipopata nyumba chama kilivunjwa. Kutoka miaka ya 1840 vilianza vyama vya kudumu, vilivyopokea akiba ya mtu yeyote na kukopesha mtu mwingine kabisa. Chama kilikaa na hati ya nyumba kama rehani mpaka deni liishe.

Mambo matatu yalikutana miaka ya 1930. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni na dhahabu, na mwaka uliofuata riba ya Benki Kuu ilishuka hadi asilimia 2. Watu wenye akiba wakakimbilia vyama hivyo vilivyolipa zaidi, na vyama vikajikuta na fedha nyingi kuliko wakopaji. Wakati huohuo bei za matofali, mbao na vibarua zilikuwa chini. Wajenzi na vyama vikaingia mapatano: mjenzi aweke fungu la fedha kwa chama kama dhamana, na chama kimkopeshe mnunuzi hadi asilimia 95 ya bei badala ya 75 au 80. Kwa nyumba ya pauni 600, mnunuzi aliyetakiwa zamani kuleta pauni 150 mkononi sasa aliweza kuingia kwa pauni 30, na kulipa deni kwa miaka 20 au zaidi. Mwalimu au karani wa pauni 4 hadi 5 kwa wiki aliona kwamba rejesho lake linakaribiana na kodi aliyokuwa akimlipa mwenye nyumba. Kufikia 1938 karibu theluthi moja ya familia zilikuwa katika nyumba zao wenyewe. Kati ya vita viwili vya dunia zilijengwa nyumba takribani milioni 4 nchini, nyingi zaidi na wajenzi binafsi, na katika kilele cha miaka ya 1930 wajenzi hao walimaliza zaidi ya robo milioni kwa mwaka mmoja.

Nyumba yenyewe mara nyingi ilikuwa nusu ya jengo: familia mbili, ukuta mmoja katikati. Chini sebule mbili na jiko, juu vyumba vitatu vya kulala, cha tatu kikiwa kidogo kiasi cha kutoshea kitanda cha mtoto na ugomvi. Mbele dirisha lililotokeza nje, na juu yake mbao nyeusi zilizopigiliwa kwenye lipu nyeupe kuiga nyumba za karne ya 16. Mbao hizo hazikubeba chochote. Zilikuwa pambo, kwa ajili ya mtu aliyekulia kwenye chumba cha kupanga na kutaka kuonekana ana asili ya shamba. Kwenye kioo cha mlango mara nyingi palichorwa jua linalochomoza au jahazi la zamani, na nyumba ilipewa jina badala ya namba.

Kuna mbunifu aliyechangia sura hiyo bila kuitaka. C. F. A. Voysey alijijengea nyumba Chorleywood karibu mwaka 1900, The Orchard, yenye paa refu linaloteremka chini, lipu nyeupe ya kukwaruza na madirisha ya upana. Ilikuwa kazi ya utulivu na ustadi. Wajenzi walichukua paa, lipu na madirisha, wakaacha ustadi. Mwaka 1938 mchoraji na mwandishi Osbert Lancaster aliitania mitaa ya namna hiyo katika kitabu chake Pillar to Post, na tangu hapo kuicheka imekuwa desturi ya wasomi wa Uingereza. Baadhi yao walizaliwa humohumo.

Haki ya kulalamika walikuwa nayo wanunuzi wenyewe. Barabara mara nyingi hazikumalizwa mpaka nyumba zote zimeuzwa, hivyo watu walitembea na buti kwenye matope hadi kituoni, wakabadili viatu hapo. Ubora wa ujenzi ulitegemea dhamiri ya mjenzi. Kesi iliyoitikisa nchi haikutoka Metro-land, ilitoka upande wa pili wa London, West Wickham. Elsy Borders, mke wa dereva wa teksi, alinunua pamoja na mumewe nyumba mpya mwaka 1934 kwa chini ya pauni 700. Paa lilivuja na kuta zikaota unyevu. Mwaka 1937 aliacha kulipa mkopo, na chama kilipomshtaki alisimama mahakamani mwenyewe, bila wakili, akidai kwamba chama na mjenzi walikuwa kitu kimoja na kwamba kilichowekwa rehani hakikuwa na thamani iliyodaiwa. Wakazi wengine waligoma kulipa pamoja naye. Mwaka 1939 mahakama ilikataa kumtoa nyumbani, ila haikukubali madai yake ya fidia, na mwaka 1941 alishindwa kabisa mbele ya majaji wa Bunge la Malodi. Lakini mwaka huohuo wa 1939 Bunge lilipitisha sheria ya kuyawekea mipaka mapatano kati ya vyama na wajenzi. Alishindwa kesi, akashinda hoja.

Kilio kingine kilikuwa cha shamba lenyewe. Mwaka 1926 iliundwa jumuiya ya kitaifa ya kuhifadhi mandhari ya vijijini. Miaka miwili baadaye mbunifu Clough Williams-Ellis alichapisha England and the Octopus, kitabu kilichoishambulia miji iliyokuwa inanyoosha mikono kila barabara. Ukweli ulikuwa mchungu kwa Metro-land: kila nyumba iliyouzwa kwa sababu ya mwonekano wa malisho iliondoa mwonekano wa jirani aliyetangulia. Metropolitan yenyewe haikuuona mwisho wa mchezo. Mwaka 1933 iliunganishwa kwa lazima katika bodi mpya ya usafiri ya London, iliyolitupa jina la Metro-land.

Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1935 halmashauri ya London ilianza kuzisaidia halmashauri za jirani kununua ardhi ili isijengwe, na sheria ya 1938 ikaupa mpango huo nguvu. Sheria ya mipango miji ya 1947 ilikwenda mbali zaidi: mwenye ardhi alibaki nayo, lakini haki ya kuijenga ikawa ya kuombwa kwa halmashauri. Mwaka 1955 waziri Duncan Sandys alizitaka halmashauri kote nchini zitenge mikanda ya kijani kuzunguka miji. Mkanda wa London una takribani hekta 500,000. Nguvu yake ilionekana Bushey Heath, ambako reli ya chini ya ardhi ilikuwa imeanza kurefushwa kabla ya vita kwa matumaini ya nyumba mpya. Nyumba zilipokatazwa, reli iliachwa nusu na karakana yake ikageuzwa ya mabasi. Treni za umeme zilipofika Amersham mwaka 1960, vilima vya Chiltern vilikuwa vimeshafungwa kwa wajenzi.

Mwenye nyumba ya Amersham alipata hivyo kitu ambacho kijitabu cha mwaka 1915 kiliahidi lakini hakikuweza kulinda: shamba mwisho wa mtaa litakalobaki shamba. Alikipata bure. Gharama ilihamia kwa aliyekuja baadaye, kwenye bei. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya karani wa kawaida, sasa karani wa kawaida hawezi kuzimudu.

Karibu na London, historia ilipinda upande mwingine. Mwaka 1924 na 1925 zaidi ya watu milioni 25 walikwenda Wembley, wengi kwa treni za Metropolitan, kutazama Maonyesho ya Dola ya Kiingereza, ambamo Afrika Mashariki ilikuwa na banda lake. Nusu karne baadaye waliokuja Wembley kutoka Afrika Mashariki hawakuja kuonyeshwa. Walikuwa Wahindi wenye pasi za Uingereza walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Sheria iliyokataza ubaguzi katika uuzaji wa nyumba ilikuwa changa, ya mwaka 1968 tu. Wengi walinunua nyumba zilezile za mbao za pambo za Wembley, Kenton na Harrow, ndugu wakichangiana fedha za kuanzia. Mwaka 1995 Neasden, palipokuwa na karakana za Metropolitan, lilifunguliwa hekalu kubwa la Swaminarayan lililochongwa kwa mawe ya chokaa na marumaru. Na mtu wa Mombasa akishuka Barabara ya Ealing, Wembley, atakuta mhogo wa kukaanga kwenye orodha ya vyakula, na wazee wa kumsalimia kwa Kiswahili.

Huko juu vilimani, reli imerudi. Serikali ilipotangaza njia ya treni ya kasi kutoka London kwenda Birmingham, wakazi wa Chiltern walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa zaidi, na upinzani wao ulichangia njia hiyo kuzikwa ndani ya handaki la kilomita 16 chini ya vilima. Mitambo ilimaliza kulichimba mwaka 2024. Handaki linapita chini ya ardhi ya Amersham, mji ambao sehemu yake ya kilimani iliumbwa na treni, na humo halina kituo.